Mizani ya makaa, mizani ya pamba

Mama yule alifika Mwanza akiwa na miaka sabini na ushee, muuguzi mstaafu kutoka Marekani, amekuja kujitolea hospitalini. Mimi ni mwalimu mstaafu, na jirani yangu anayefanya kazi hukohuko akaniomba nimfundishe Kiswahili jioni, hapa kwangu Nyakato. Watoto wa mtaa walishatangaziana kwamba mzungu anakuja. Bajaji ikasimama, akateremka mama mweusi kuliko mimi, kilemba kichwani, akawaambia watoto wote kwa mpigo, "Shikamooni!" Mmoja wao, mtundu wa kupindukia, akaitikia "Marahaba" bila kupepesa macho.

Siku hiyohiyo walimuuliza baba yake alikuwa anafanya kazi gani. Akatafuta maneno, akayapata: "Baba alichimba makaa." Basi, jina likapatikana. Akawa Bibi Mkaa mtaa mzima, mpaka wauza dagaa wanaopita asubuhi wakawa wanamsalimia, "Mwangaluka, Bibi Mkaa!" Kwa watoto wetu mkaa ni ule wa kopo unaouzwa pale kona, kwa hiyo walidhani mzee alikuwa anachoma magogo porini kisha anayafukua. Ilibidi niwaeleze habari ya makaa ya mawe, ambayo sisi wa Kanda ya Ziwa tunayasikia tu kwenye taarifa ya habari, ya Kiwira na ya Ngaka huko kusini.

Mimi nikifundisha watu wazima, kitabu nakiweka kando mapema, namwambia mtu anisimulie kwao. Mtu hachoki kusimulia kwao. Huyu kwao ni kaunti ya McDowell, jimbo la West Virginia, ndani ya milima ya Appalachia. Sensa ya 1950 ilihesabu huko watu karibu 99,000. Ya mwaka 2020 ilikuta 19,000 na kidogo. Kuna kata hapa mjini zina watu wengi kuliko hao. Mashine zilichukua kazi ya mikono, kisha migodi mikubwa ikafungwa miaka ya 1980, na vijana wakafuata kazi mijini. Yeye alishatangulia zamani, kusomea uuguzi.

Alizaliwa kambini. Kambi zenyewe nyingine hazikuwa na jina, zilikuwa na namba tu. Bonde lilikuwa jembamba kiasi kwamba reli, mto, barabara na nyumba viligombea nafasi, na nyumba zilizokosa nafasi chini zilipanda mlimani. Ndiyo maana Mwanza haikumshangaza. Wageni wengine huishangaa Mabatini na Igogo, nyumba zilivyokaa juu ya mawe, na kuuliza watu wanapandaje huko usiku. Yeye alitazama mara moja akaniuliza, "Maji wanapandisha nani, watoto au akina mama?"

Kambi ilikuwa ya kampuni kuanzia mlango hadi kaburi. Nyumba za mbao, rangi moja, familia mbili chini ya paa moja, ukuta wa katikati mwembamba kiasi cha kusikia jirani akigombana na mkewe. Kodi ilikatwa kwenye mshahara. Daktari alikatwa kwenye mshahara. Makaa ya jiko, ambayo baba ndiye aliyeyachimba, yalikatwa kwenye mshahara. Shule, kanisa, timu ya besiboli, vyote vilisimama kwenye ardhi ya kampuni. Baba akifa mgodini, mjane alipewa muda aondoke, maana nyumba ilifuata kazi na kazi imekwisha.

Hapo nikaanza kuchangamka, kwa sababu mimi ni mtoto wa kota. Nimekulia kwenye kota za kiwanda cha kuchambua pamba, kandokando ya ziwa upande wa kwenda Magu. Kiwanda sikitaji jina. Waliokulia kule watajua. Nyumba ya meneja ilikuwa kwenye kilima kidogo, inapigwa na upepo wa ziwa. Chini yake makarani. Chini zaidi mafundi, ndipo tulipokuwa sisi, vyumba viwili na bomba la maji la pamoja. Vibarua wa msimu walikuwa mwisho kabisa, ubavuni mwa ghala la mbegu, na mbegu za pamba zikianza kupata joto harufu yake unaivaa mpaka shuleni. Bibi Mkaa akanikatiza: na kwao ilikuwa hivyohivyo, ila waligawanywa kwa rangi. Weupe wazawa sehemu moja, Wahungaria na Waitalia sehemu nyingine, weusi kwingine, mara nyingi pale moshi unapoelekea. Shule mbili. Asubuhi wanaume wa pande zote wanashuka shimo moja, jioni wanapanda, wote weusi kwa vumbi, kila mmoja anarudi upande wake. Chama chao cha wachimbaji, tangu kilipoanzishwa mwaka 1890, katiba yake ilikataza ubaguzi wa rangi. Kwa Marekani ya wakati ule halikuwa jambo dogo, na nadhani ndiyo sababu alikitaja chama kile kwa heshima ambayo hakuitumia hata kwa kanisa.

Nguo nyeupe zilikuwa vita vya mama yake. Treni za mvuke ziliendelea kupita bondeni kwao mpaka mwaka 1960, muda ambao reli nyingine kubwa za Marekani zilishahamia dizeli, na kila gari moshi likipita na mabehewa ya makaa, kamba ya nguo inageuka. Mama alijua ratiba ya treni kuliko mkuu wa stesheni. Anaanika, anaanua, anaanika tena. Kwetu msimu wa pamba ulileta shida hiyo kwa rangi ya kinyume. Nyuzi za pamba zilielea hewani, zikatua kwenye sare za shule za bluu, kwenye ugali, kwenye kope za baba. Mama yangu alikuwa anatupiga brashi mlangoni kabla ya kututoa.

Kuhusu duka la kampuni alisimulia kwa muda mrefu, na nilimwacha, ingawa vitenzi vilikuwa vinamshinda. Zamani wachimbaji hawakulazimika kungoja mwisho wa mwezi. Ukiishiwa, unaenda dirishani kwa karani, anakupa sehemu ya mshahara ambao bado hujalipwa. Lakini hakupi dola. Anakupa sarafu za bati za kampuni yenyewe, nyingine zimetobolewa katikati, zimechapwa jina la kampuni, na zinapokelewa duka moja tu, la kampuni. Ukizipeleka duka la mjini, mwenye duka akikubali kuzipokea anakukata. Mwisho wa mwezi unafungua bahasha ya mshahara unakuta karatasi tu, hesabu imesoma sifuri. Mama yake alibaki na sarafu chache kwenye mkebe wa vifungo, na watoto walizichezea.

Hata hivyo alilipenda duka lile! Lilikuwa na sakafu ya mbao inayonukia mafuta ya taa na jibini, posta ilikuwa humohumo, na wanaume walikaa kwenye ngazi zake wakibishana. Nilimwelewa kabisa. Sisi hatukuwa na sarafu za bati, tulikuwa na daftari la Mhindi. Baba alikuwa ananunua unga, sukari na sabuni kwa kuandikwa, na pamba ikianza kununuliwa, Juni au Julai, deni linalipwa na jingine linaanza. Najua daftari lile lilitula. Na bado nikisikia harufu ya khaki mpya inayokatwa kwenye jora, nakuwa na miaka saba, nimesimama pale kaunta nangojea pipi ya nyongeza.

Lakini lililonifanya nicheke hadi chai ikanimwagikia ni habari ya mizani.

Baba yake alilipwa kwa tani, si kwa siku. Kila mchimbaji alikuwa na vibati vya shaba vyenye namba yake. Akishajaza kigari kwa beleshi anatundika kibati, kigari kinavutwa nje, na huko juu karani wa kampuni anapima na kuandika kwenye namba hiyo. Mchimbaji yuko chini gizani, mizani iko juu juani. Karani akisema makaa yamechanganyika na mawe, anakata, na hakuna wa kubishana naye. Kwa hiyo moja ya madai makubwa ya wachimbaji lilikuwa wawe na mpimaji wao, wamchague wenyewe, wamlipe wenyewe, asimame bega kwa bega na karani wa kampuni na kusoma mizani ileile. Watu waligoma kwa ajili ya huyo mtu mmoja mwenye penseli.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni hadithi ya Usukumani." Waliozaliwa juzi hawajui, lakini pamba ya mkulima ilikuwa inapungua uzito njiani kati ya mgongo wake na kitabu cha mnunuzi. Wazee waliichoka mizani ile. Karibu na mwaka 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima pamba kabla haijapandishwa kwenye mizani ya mnunuzi, ili mtu aende akijua ana ratili ngapi. Kutokana na ugomvi huo ndipo Paul Bomani na wenzake walipozunguka vijijini kujenga vyama vya ushirika, mpaka mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilimiliki viwanda vyake lenyewe. Babu yangu mzaa mama aliwahi kuwa mpimaji wa namna hiyo. Hakuwa amesoma sana, ila namba hakuna aliyemdanganya, na alipokuwa mzee sana alikuwa bado anainua kuku kwa mkono mmoja na kutaja uzito wake. Yaliyofuata kwenye mizani miaka ya baadaye nayaacha. Nina jamaa bado wanalima pamba, na wengine wanasoma blogu hii.

Bibi Mkaa naye alikuwa na bibi yake wa kumtaja. Kila walipokwenda mjini Welch, makao ya kaunti, bibi alimsimamisha mbele ya ngazi za mahakama na kumwonyesha kwa kidole. Pale, tarehe 1 Agosti 1921, Sid Hatfield aliuawa kwa risasi mchana kweupe na walinzi wa kukodiwa wa makampuni ya makaa, yeye na mwenzake, wake zao wakiwa pembeni. Hatfield alikuwa mkuu wa polisi wa mji wa Matewan, na kosa lake lilikuwa kusimama upande wa wachimbaji walipokuwa wanafukuzwa kwenye nyumba za kampuni. Mwezi huohuo wachimbaji karibu 10,000, wengi wamefunga vitambaa vyekundu shingoni, waliandamana na bunduki mpaka mlima Blair, na jeshi la serikali ndilo lililokuja kuwatawanya. Bibi yake hakueleza yote hayo. Alisema tu, "Hapa," kisha wakaenda kununua viatu.

Si mambo yote yalikuwa bunduki. Mzee wake alibeba chakula kwenye ndoo ya bati ya ghorofa tatu: chini maji, katikati maharage na mkate wa mahindi, juu kipande cha keki. Maji yalikaa chini na yalikuwa mengi makusudi, mtu akifukiwa awe nayo. Kipande cha keki baba hakukimaliza hata siku moja. Watoto walimkimbilia njiani, na aliyefika wa kwanza alikula kilichobaki, kikiwa na ladha ya bati na vumbi, na mpaka leo anasema hajala keki tamu kuliko ile. Nilimpikia maharage na ugali akala bila kuuliza kitu, akaomba kitunguu kibichi pembeni. Hapo tulielewana kuliko kwenye sarufi yote.

Wanaume wasiojua kusoma walisomewa gazeti na anayejua. Huko West Virginia kijana mmoja mchimbaji, Carter G. Woodson, alikuwa anawasomea wenzake magazeti baada ya kazi, na alikuja kuwa mwanahistoria aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya watu weusi, ambayo leo ni mwezi mzima wa Februari. Na Bill Withers, ambaye sauti yake imepigwa sana kwenye redio zetu, ni mtoto wa kambi ya makaa, Slab Fork. Hilo lilinifurahisha kuliko inavyostahili. Niliwaambia wauza dagaa wote.

King'ora nacho. Jioni kilipiga kuwaambia watu kama kesho kuna kazi. Kikipiga saa isiyo yake, wanawake waliacha vyungu motoni na kukimbilia mdomo wa mgodi, na huko walisimama. Alinisimulia ajali ya Farmington, kaskazini mwa jimbo lao, Novemba 20, 1968. Watu 99 walikuwa chini ulipotokea mlipuko, 21 wakatoka. Moto haukuzimika, na baada ya siku kadhaa wakaamua kuziba matundu ya mgodi ili moto ukose hewa, waliobaki wakiwa ndani. Waliokufa ni 78, na 19 hawakupatikana kamwe hata mgodi ulipofunguliwa tena.

Hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Nilimpeleka Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba. Mtu wa Mwanza mwenye umri wangu haulizwi alikuwa wapi Mei 21, 1996. Kila mmoja alikuwa na mtu kwenye meli ile, au na mtu mwenye mtu. Mamia walikufa wakiwa karibu wameshafika, na wengi hawakutolewa. Bibi Mkaa alitembea kaburi hadi kaburi, taratibu, kama anapita wodini. Alipouliza swali lilikuwa la kiuguzi: waliosubiri bandarini, nani aliwaletea maji ya kunywa? Nikamwambia watu wa mtaani. Akasema na Farmington ilikuwa hivyo, kahawa ilitoka majumbani.

Baba yake hakufa shimoni. Alikufa na kifua. Miaka yake ya mwisho alilala amekaa kwenye kiti, kwa sababu akilala chali anazama. Kwa miaka mingi kulikuwa na madaktari walioshikilia kwamba vumbi la makaa halimdhuru mtu. Februari 1969, miezi mitatu baada ya Farmington, wachimbaji wa West Virginia kiasi cha 40,000 waliweka zana chini kwa karibu wiki tatu, hawadai mshahara, wanadai sheria itambue ugonjwa wa mapafu yao. Mwezi Machi jimbo likapitisha sheria, na Desemba serikali kuu nayo ikapitisha ya nchi nzima, yenye kikomo cha vumbi na fidia. Mzee aligoma, ingawa kupanda ngazi tano tu kulikuwa kunamshinda.

Nilimweleza kwamba baba yangu alikuwa anakohoa zaidi Jumatatu, na nyumbani tulimtania kwamba kikohozi chake kinaogopa kazi. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza Jumapili alikuwaje, Jumamosi je, kifua kilikuwa kinambana au kinauma, alifanya kazi chumba gani. Kwenye mashine za kuchambua, nikasema. Akanieleza kwamba vumbi la pamba nalo lina ugonjwa wake, na dalili yake inayojulikana ni hiyo hasa, kifua kukaza siku ya kwanza mtu anaporudi kazini baada ya mapumziko. Baba ameshafariki zamani. Nilimpigia kaka yangu Magu usiku uleule, tukazungumza mpaka vocha ikaisha.

Kitu kimoja kilimuudhi waziwazi: picha. Kaunti yake ndiyo iliyotoa familia ya kwanza Marekani kupokea kuponi za chakula za mpango mpya, Mei 1961, na miaka iliyofuata, rais Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini, wapiga picha walimiminika milimani. Walitafuta mtoto asiye na viatu, na mtoto asiye na viatu hakosekani wakati wa kiangazi. Bustani ya mama yake, iliyopata zawadi ya kampuni, haikupigwa picha. Rafu zake za chupa za maharage na nyanya za kuhifadhi hazikupigwa. Nasi wa ziwani tunalijua hilo. Zilikuja kamera kupiga mapanki, yale mabaki ya samaki waliotolewa minofu, yakianikwa, dunia ikatuonea huruma, na hakuna aliyegeuza kamera kumpiga mama anayesomesha watoto watatu kwa mapanki hayohayo. Sisemi mapanki ni chakula cha sikukuu. Nasema kamera ina upande inaoupenda.

Siku moja nikamuuliza kama angeweza angerudi kambini, enzi zile. Alijibu haraka, "Ndiyo, Mwalimu. Nikiwa mtoto." Kisha akanywa chai. "Nikiwa mama, hapana." Mama yake aliamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko na kujaza ndoo ya bati, alichota maji ya kumwogesha mumewe kwenye karai jikoni, alifua zile nguo, na kila siku hadi jioni sikio moja lilikuwa kwenye king'ora. Nilimfikiria mama yangu na brashi yake mlangoni, nikaona na mimi jibu langu ni hilohilo.

Ameshaondoka sasa, ananitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chenye lafudhi ya milimani na salamu za Kisukuma. Juzi alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema barazani kwangu. Ilifika wakati kampuni ikaanza kuwauzia wapangaji nyumba zao. Baba hakutaka, alisema nani atanunua mbao zilizooza. Mama akanunua, kwa fedha ya bustani na ya kushona blanketi za viraka. Wiki ileile alipaka nyumba njano, upande wao tu, mpaka kwenye mstari wa katikati, nusu ya jirani ikabaki rangi ya kampuni. Jirani alivumilia kwa muda, halafu akapaka yake kijani. Kufika vuli kambi nzima ilikuwa imechanganyikiwa kwa rangi, na baba alilalamika kwamba akitoka zamu ya usiku hajui tena nyumba yake ni ipi. Rangi ile ya njano mama hakuinunua duka la kampuni, ingawa ilikuwepo. Alipanda basi hadi Welch.